Ushuru wa Barabara ya Juu Nairobi: Jinsi Mitambo Inavyotoza, na Yampasayo Mkulima Kujua

Ndugu mkulima, ikiwa wewe hupeleka viazi, kabeji, maembe, mchele au mayai kwa wanunuzi wa upande wa mashariki wa Nairobi, yaani mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole na jirani zake, basi tangu mwaka 2022 kuna jambo moja limezidi katika hesabu ya safari yako. Juu ya barabara ile ya zamani imejengwa barabara nyingine, nayo haipitwi bure. Gari likifika hukuta kizuizi, na kizuizi hicho chaweza kujiinua chenyewe bila dereva kutoa mkono dirishani wala kusema neno.

Wakulima wa skimu wengi hawaendeshi magari wenyewe. Hukodi lori au pikapu, au huuza kwa dalali ajaye na gari lake, na mwisho wa safari huambiwa kwamba kiasi fulani kimekatwa kwa sababu ya "barabara ya juu". Fedha zinazokatwa ni za mazao yako. Kwa hiyo hata kama huna gari, yafaa ufahamu ushuru huo unahesabiwa namna gani, ili ujue ni wakati gani wakupa faida na wakati gani unakula jasho lako bure.

BARABARA YENYEWE

Barabara hiyo yaanzia Mlolongo, katika barabara kuu ya Mombasa, yapita karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yafuata Uhuru Highway katikati ya mji, na kuishia Westlands penye barabara ya James Gichuru. Urefu wake ni kilomita 27. (Hata jina la Mlolongo, kama wasemavyo wenyeji, lilitokana na malori yaliyopanga foleni huko yakingoja kupimwa uzito.) Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa mapatano na Serikali. Magari yalianza kupita kwa majaribio tarehe 14 Mei, 2022, na Rais Uhuru Kenyatta akaifungua rasmi tarehe 31 Julai mwaka huo huo. Wazee watapenda kusikia kwamba huko Waiyaki Way ule mti mkubwa wa mugumo, ambao umri wake wapita miaka 100, ulikuwa ukatwe ili kupisha nguzo, lakini Novemba 2020 ikatolewa amri uachwe, nao umesimama.

Fedha za ujenzi hazikutoka katika mfuko wa Serikali. Kampuni ilileta mtaji na mikopo, na katika mapatano ikapewa haki ya kuendesha barabara na kutoza wapitaji kwa miaka 27, kisha barabara irudi mikononi mwa Serikali. Kampuni inayotoza yaitwa Moja Expressway. Haiwezi kutoza kiasi chochote ipendacho. Viwango huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya chini ya Sheria ya Ushuru wa Barabara za Umma, Sura ya 407.

Barabara ilipofunguliwa, motokaa ndogo ililipa kati ya Shs. 120 na Shs. 360 kwa kadiri ya mwendo wake, na lori kubwa la ekseli nne au zaidi likalipa mpaka Shs. 1,800. Kuanzia tarehe 1 Januari, 2024 viwango vilipandishwa, na motokaa ndogo ikawa yalipa Shs. 170 kwa kipande kifupi na Shs. 500 kwa urefu wote. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mkopo wa ujenzi ni wa dola, na shilingi yetu ilikuwa imeshuka thamani mbele ya dola. Liangalie jambo hili vema: bei ya kupita juu ya Uhuru Highway yaweza kubadilika kwa sababu ya mambo yatokeayo mbali sana na Uhuru Highway. Ukisikia bei mpya usidhani mara moja kwamba dereva anakudanganya. Uliza, maana pengine ni kweli.

CHOMBO KWENYE KIOO

Barabara ilipofunguliwa palikuwa na njia tatu za kulipa. Ya kwanza ni fedha taslimu kwa mhudumu aliye dirishani. Ya pili ni kadi, ambayo madereva huiita MTC. Kadi hutiwa fedha kabla ya safari, na dereva husimama mlangoni akaitoa. Ya tatu ndiyo iitwayo ETC, nayo hutumia chombo kidogo kilichobandikwa ndani ya kioo cha mbele cha gari. Fedha taslimu na kadi kila mtu amekwisha kuzizoea. Chombo hiki ndicho kinachowatatiza wengi, basi na tukieleze.

Kumbuka jinsi mambo yalivyo katika kituo cha kupokelea maziwa. Karani hahitaji kuujua ukoo wako. Wewe una nambari, nambari hiyo imo katika kitabu, na kila asubuhi karani huandika mbele ya nambari yako kilo ulizoleta. Chombo cha kwenye kioo ni kama nambari ile ya maziwa. Kazi yake ni kujibu kinapoulizwa, "Wewe ni nani?" Fedha zako zimo katika hesabu yako kwa kampuni, nawe huzitia huko kabla ya kusafiri.

Anayeuliza ni mtambo uliotundikwa juu ya njia, karibu na kizuizi. Mtambo huo hutoa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yaletayo habari na muziki katika redio yako, ila haya hufika mita chache tu, ili yasije yakaita gari lililo njia ya pili. Gari likiingia chini ya mtambo, chombo husikia mawimbi, hujibu kwa mawimbi, na jibu hupelekwa kwa kompyuta. Kompyuta huangalia mambo matatu: nambari hii yatambulikana? Ni ya gari la namna gani? Hesabu yake ina fedha za kutosha? Yote yakiwa sawa, kizuizi huinuka. Kamera nayo hupiga picha ya bamba la nambari ya gari, ili ionekane kama gari lililopita ndilo gari lililoandikishwa.

Hilo la kwanza hutokea mlango wa kuingilia, na kompyuta huandika mahali ulipoingia na saa. Unapofika mlango wa kutokea, mtambo mwingine huuliza tena, na kompyuta hufungua ile habari ya kwanza, hupima umbali kati ya milango miwili, huangalia aina ya gari, na hukata ushuru katika hesabu yako. Yote hayo huchukua nukta chache tu, na dereva hana haja ya kuzima injini.

Kutokana na hayo utaona kwamba ushuru hutegemea mambo mawili tu: milango uliyopitia na aina ya gari. Mzigo hauhesabiwi. Kompyuta haijui kama nyuma pana kabeji, saruji au pana upepo mtupu. Lori hutozwa kwa kuhesabu ekseli zake na kwa ukubwa wa umbo lake, liwe limejaa au linarudi nyumbani tupu. Madereva wengi husahau hilo wakati wa kurudi.

Ni kwa sababu hiyo hiyo chombo cha gari moja hakifai kubandikwa katika gari jingine. Pikapu na lori havilipi sawa, na chombo kilichoandikishwa kwa pikapu kikionekana ndani ya lori, picha ya bamba itasema kweli. Tena vyombo vingi vya namna hii vimetengenezwa hivi kwamba kikibanduliwa kutoka kwenye kioo chaacha kufanya kazi mpaka kirudishwe kwa wenyewe kikaguliwe.

MAMBO YANAYOHARIBIKA

Hitilafu kubwa kuliko zote si ya mitambo. Ni hesabu isiyo na fedha. Dereva huingia katika njia ya ETC akiamini kwamba tajiri ametia fedha, tajiri naye aamini kwamba dereva ataangalia. Kizuizi kikabaki chini. Nyuma yake pana magari sita, hawezi kurudi kinyumenyume, na honi zaanza kulia. Wahudumu watakuja wamsaidie, lakini ule muda alioununua umekwisha kupotea, na watu wa nyuma wamepoteza wao pia. Kuangalia salio kabla ya kupakia ni kazi ya dakika moja. Yafaa iwe desturi kama kuangalia mafuta na upepo wa magurudumu.

La pili ni kukaribiana mno. Kizuizi huinukia gari moja. Dereva akijisukuma nyuma ya mwenziwe akitumaini kupita naye, kizuizi chaweza kumshukia juu ya boneti. Acha nafasi, punguza mwendo, na usikanyage mafuta mpaka umeona kizuizi kimesimama wima. Milangoni si mahali pa kushindana.

La tatu ni kioo. Vioo vingine vimechanganywa na madini ya kuzuia joto, na vingine hubandikwa karatasi nyeusi zenye madini ndani yake. Mawimbi ya redio hayapiti vizuri humo. Waache wanaogawa vyombo wakichague mahali pa kukibandika wenyewe. Tena kisifunikwe na vibandiko vya bima, wala bendera, wala maua ya kupambia.

Na kuna wasioruhusiwa kabisa: waendao kwa miguu, baiskeli, pikipiki, tuktuk na mikokoteni. Bodaboda aliyebeba kreti zako za mayai hana njia huko juu, hata akiwa na fedha mkononi. Kuhusu malori na mizigo ya hatari zipo kanuni nyingine, na mwenye gari kubwa afadhali aulize katika kituo chochote cha barabara hiyo kabla ya safari yake ya kwanza.

WAPI PA KUSHUKA UKIENDA MITAA YA MASHARIKI

Hapa ndipo wageni wanapopoteza fedha. Barabara ya juu haiingii katika mitaa ya mashariki. Yapita pembeni mwake tu. Ni kama mfereji mkuu wa maji upitao kando ya shamba lako: maji waweza kuyapata mahali palipowekwa mlango, na si kwingineko. Ukiupita mlango wako hakuna kugeuka. Utaendelea mpaka mlango unaofuata, utalipa ushuru wa huko, kisha utarudi kwa njia ya chini katikati ya msongamano uliotaka kuukwepa.

Mkulima atokaye Makueni na maembe au machungwa, akiingia Mlolongo, na azijue sehemu tatu. Akiwa aenda Embakasi, Pipeline au Donholm, sehemu yake ni ile ya Eastern Bypass, karibu na Cabanas, ambapo atafuata barabara ya Airport North mpaka palipokuwa Taj Mall na kuingia Outer Ring Road. Akiwa aenda kwa wateja wa viwandani, au ataka kukata kwa barabara ya Likoni mpaka Jogoo Road, ataangalia Capital Centre. Na akiwa aenda Muthurwa, Gikomba au Marikiti, ambayo ndiyo Wakulima, au Kaloleni, Makongeni na Maringo, mahali pake ni Haile Selassie. Pale atashuka na kujikuta karibu na mwanzo wa Jogoo Road. Jambo la kuangalia ni kwamba mlango unaofaa wakati wa kuja huenda usifae wakati wa kurudi, maana si kila kituo kina njia za kuingia na kutoka kwa pande zote. Dereva na aulize kwanza, kisha akariri.

Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou yu katika hali nyingine. Yeye hutelemka kupitia Rironi na Gitaru, na barabara ya juu humpokea Westlands. Akienda Embakasi yaweza kumfaa. Lakini akienda Kayole, Njiru au Umoja, twamshauri kuifikiria njia ya kuzunguka: Western Bypass kutoka Gitaru mpaka Ruaka, kisha Northern Bypass, kisha Eastern Bypass mpaka Kangundo Road. Kilomita zazidi na mafuta yazidi, lakini njia hiyo yote haina kizuizi hata kimoja, tena haimpitishi katikati ya mji.

Na wewe wa Mwea, mwenye mchele, habari hizi zisikusumbue. Njia yako ni Thika Road na Outer Ring Road, nayo hukufikisha Kariobangi, Umoja na Donholm bila ushuru wowote wa namna hii.

SAA YA SAFARI

Unapolipa ushuru wa barabara ya juu hununui lami. Lami iko chini pia, na bure. Unanunua muda. Sasa jiulize muda huo una thamani gani saa hiyo.

Soko la jumla huamka mapema. Lori lililotoka Wote usiku likafika Mlolongo saa tisa na nusu za usiku litaikuta Mombasa Road ya chini iko karibu tupu. Tofauti kati ya juu na chini saa hiyo ni dakika chache, na dakika hizo hazimwongezei mkulima hata senti moja, kwa kuwa wanunuzi watakuwa wangali wakifungua maturubai. Kulipa ushuru saa hiyo, kwa maoni yetu, ni kutupa fedha.

Saa moja ya asubuhi mambo ni mengine. Msongamano umejaa, na nyanya zilizoiva au samaki wa barafu hawangoji. Mchuuzi wa Buruburu aliyekuahidi bei ya asubuhi atakupa bei ya mchana ukichelewa, na sukuma wiki iliyonyauka yaona haya yenyewe mezani. Hapo Shs. 300 au 400 zaweza kuokoa elfu kadhaa. Lakini viazi, vitunguu, maharagwe na mahindi makavu havina haraka hiyo, na mwenye navyo hana sababu ya kukimbia.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme ushuru wa gari lako kwa mwendo wako ni Shs. 500, na umepakia magunia 20. Basi kila gunia limebeba Shs. 25 za ushuru. Dereva akipita juu tena wakati wa kurudi, kila gunia sasa limebeba Shs. 50, ingawa magunia hayamo tena garini. Ikiwa faida yako kwa gunia ni Shs. 300, sehemu moja katika sita imebaki barabarani. Wengine hupatana na dereva hivi: kwenda juu kama kuna haraka, kurudi chini siku zote. Mapatano hayo ni mazuri, na ni bora yafanywe shambani kabla ya kupakia kuliko sokoni baada ya kuuza.

NANI ALIPE, NA KWA USHAHIDI GANI

Lori moja huchukua mazao ya wakulima watano, na mlangoni hulipa mara moja. Hilo ndilo la kushika. Akitokea mtu akamkata kila mmoja wa watano ushuru mzima, amepokea ushuru mara tano na kuulipa mara moja. Ushuru wa lori la pamoja hugawanywa kwa magunia, kama nauli ya lori inavyogawanywa.

Mwenye kulipa fedha taslimu hupewa risiti; iulize. Mwenye chombo cha ETC hana risiti ya mkononi mara nyingi, naye atasema, "Mashine imekata." Ni kweli imekata, lakini mashine hiyo huandika. Hesabu ya chombo yaonyesha safari na fedha zilizotoka, na mwenye gari mwaminifu hatakataa kukuonyesha katika simu yake. Vyama vya ushirika vinavyokodi malori kila juma vingefanya vema kuandika katika mkataba: ushuru wa barabara utalipwa na nani, kwa safari zipi, na kwa kuonyesha nini. Katibu wa chama atapata taabu siku ya kwanza tu.

KWA NINI TULIPE MARA MBILI?

Wakulima huuliza hivi: tayari twalipa ushuru wa barabara ndani ya mafuta, huu wa pili watoka wapi? Swali ni la haki. Katika miaka ya 1980 palikuwa na vituo vya ushuru katika barabara kuu zetu, na majina yamebaki mpaka leo. Uliza watu wa Gilgil au wa Ruiru mahali paitwapo Toll. Vituo vile viliondolewa, na mahali pake ikaja Sheria ya Mfuko wa Ushuru wa Matengenezo ya Barabara ya mwaka 1993, inayokata fedha katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwezi wa Julai 2024 kiasi hicho kilipandishwa kutoka Shs. 18 mpaka Shs. 25 kwa lita. Fedha hizo ni za kutunza barabara za nchi nzima, pamoja na hiyo ya vumbi ipitayo mlangoni pako. Ushuru wa barabara ya juu ni wa kurudisha deni la barabara ile moja, na asiyeipita halipi. Mtu aweza kukubali hoja hiyo au kuikataa, lakini ndivyo ilivyopangwa, na ndiyo sababu barabara ya chini lazima ibaki wazi kwa kila mtu.

Wazo la kutoza kwa mitambo si la jana. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi William Vickrey aliiambia kamati ya bunge la Marekani kwamba magari ya mji wa Washington yaweza kubandikwa vyombo vya kutambulikana, ili kila mtu alipie njia aliyotumia na saa aliyoitumia. Wengi waliona ni ndoto. Norway ilikuwa na kituo cha namna hiyo katika mji wa Ålesund mwaka 1987, na Vickrey mwenyewe akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1996. Jirani zetu wa Uganda walianza kutoza katika barabara ya Kampala hadi Entebbe Januari 2022, miezi minne kabla yetu.

Si kila mahali pamefaulu. Afrika Kusini, katika jimbo la Gauteng, waliweka mitambo bila vizuizi mwezi wa Desemba 2013. Gari lilipigwa picha likaendelea na safari, na hesabu ikatumwa nyumbani. Wenye magari wengi walikataa kulipa, wakisema hawakuulizwa tena hawakuwa na njia nyingine ya kupita. Deni likarundikana mwaka hadi mwaka, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa. Pengine ndiyo maana hapa kwetu kizuizi kimebaki: kizuizi hakina subira, lakini pia hakimwachi mtu na deni asilolijua.

Jambo hili sasa laelekea Bonde la Ufa. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit, pamoja na ile ya Mai Mahiu hadi Naivasha, na mpango ni kwamba gharama zirudishwe kwa ushuru wa wapitaji. Kwa mkulima wa Kinangop ateremkaye kwa Njabini mpaka Flyover, na kwa yule wa Ol Kalou atokeaye Gilgil, hiyo si barabara ya kuchagua siku ya haraka. Ndiyo njia ya kila siku. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya viwango na mahali pa kuweka milango, nendeni mkiwa na takwimu mkononi. Anzeni sasa kuandika katika daftari la chama kila lori lililotoka, tarehe, idadi ya magunia, nauli iliyolipwa, mahali lilipoingilia barabara kuu na mahali lilipoiacha. Daftari la miezi kumi na miwili litaonyesha ushuru wa shilingi fulani kwa kilomita utaongeza kiasi gani katika kila gunia, na swali hilo ndilo mtakaloulizwa.